Nguo ya Ndege Haivutwi

Rosettenville, Johannesburg
2019

Mwanangu Nsimire,

Barua hii usiisome kwa macho. Isome kwa sauti, polepole, hata kama wenzako wa chumba watakucheka. Macho yako hayajazoea Kiswahili kilichoandikwa, na kosa si lako. Shuleni walikufundisha Kiingereza na Kizulu, na mimi nyumbani nilikuwa na mashine ya kushona, sikuwa na ubao. Lakini masikio yako yanakijua. Tangu ukiwa mdogo mimi nasema kwa Kiswahili, wewe unajibu kwa Kiingereza, na hatujawahi kupotezana. Basi jisomee mwenyewe, usikilize, nami nitakuwa ninasema.

Sitakuambia habari za sweta. Sitakuambia ule nini, ulale saa ngapi wala ujihadhari na nani. Nilipokuwa na umri wako mama yangu alinipa maagizo njia nzima, na yote niliyasahau kabla sijafika Uvira.

Nataka kuzungumza juu ya lile neno la Jumapili. Tulikuwa tunakula ugali na sombe, ukaniuliza tutatoka hapa saa ngapi kwenda uwanja wa ndege, nikakujibu kwamba mimi sitakusindikiza. Uliosha vyombo, ukaingia chumbani. Mdomo wangu ni mkasi, unanijua, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako. Utakapoiona utakuwa umeshafika Addis, na utakuwa unajua jambo ambalo mimi ninayeandika bado silijui, yaani kama nilikuja au sikuja. Nimeanza kuandika ili nijue. Na ili nikueleze neno lile lilitoka wapi, lazima nipitie kwa Oom Faan na ule mkia wake.

Wewe unamfahamu Oom Faan kama mzee wa kukupa biskuti ngumu na kukufundisha majina ya vifaa. Siku ya kwanza hukuwepo. Nilikuwa nimekaa pale kwenye baraza la duka, nashona turubai la mgahawa wa yule Mreno wa kuku, tena kwa mkono, maana sindano za mashine zilikuwa zinakatika. Bakkie yake, ile pikapu kuukuu, ikazimika kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawa kijani, ikawa nyekundu tena, watu wakampigia honi na kumtukana kwa lugha zote za mtaa huu. Yeye akashuka taratibu, Kaburu mrefu wa kaptula na soksi ndefu, akaja kusimama juu ya kichwa changu kuangalia mshono. Nilidhani anataka maji.

Akasema, "Mama, unaweza kushona kitu kikubwa kuliko hicho?"

Nikamwambia, "Mi naweza kushona hata nyumba, kama iko na kitambaa."

Kiingereza chake kilikuwa cha Kikaburu na changu cha sokoni, tukaelewana. Alinipeleka kwenye ghala lake kule kusini, karibu na kile kiwanja kidogo cha ndege, na nilipoingia nilidhani nimeletwa kwa muuza vyuma chakavu. Magurudumu, saa zenye vioo vilivyopasuka, rafadha zilizopinda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akanieleza, ndege nyingi za mabomu zilikatwakatwa, na wakulima wakajichukulia walichotaka. Tangi la mafuta likawa la kunyweshea ng'ombe. Kioo cha rubani kikafunika miche ya nyanya. Yeye na wazee wenzake wawili walikuwa wakizunguka mashambani miaka na miaka, wakinywa kahawa na wajane, wakitoa mashine ya kukata nyasi ili wapewe kipande cha bawa. Ndege nzima wasingeimaliza, walijua watakufa kabla. Walitaka mkia tu, ukamilike, usimame.

Usukani wa mkia, lile bamba refu linalosimama nyuma na kuigeuza ndege kushoto na kulia, alikuwa ameukuta shambani huko Free State ukiwa mlango wa banda la kuku. Ulibaki fremu tu ya alumini yenye mbavu nyembamba. Enzi zake ulivalishwa kitani. Mimi sikujua kwamba ndege kubwa ya vita huvaa nguo. Oom Faan alipoona nimeshangaa alifurahi, akanishika mkono akanionyesha kila mahali palipokuwa na alama ya sindano.

Nitakuambia kwa nini nilikubali, maana uliniuliza ukiwa na miaka kumi na sita na nilikujibu vibaya. Nilikubali kwa sababu tulihitaji kazi. Na nilikubali kwa sababu ile fremu ilikuwa uchi, na fundi akiona kitu uchi mkono unamwasha. Sikukubali siku ile ile. Nilimwuliza, "Hii ndege ilibeba nini tumboni?" Akasema mabomu. Nikamwuliza kama yaliua watu. Hakunizungusha. Alisema ndiyo, bila shaka yaliua, na wengine hawakuwa askari. Nikarudi nyumbani, nikakaa siku kadhaa bila kumjibu. Nilikuwa nakumbuka mlio wa ndege juu ya Bukavu, watu wanakimbilia migombani kana kwamba jani la mgomba linaweza kuzuia kitu. Halafu nikaenda nikaanza kazi.

Wewe ukasema, "Ma, sisi si ni watu wa kukimbia vita? Sasa unaishonea ndege ya vita nguo?"

Nikakujibu, "Mkia hauui."

Ulicheka, nami nikacheka, mambo yakaisha. Lakini lile lilikuwa jibu la mjanja. Bila mkia tumbo halifiki linakokwenda, na nililijua hilo wakati nalisema. Mpaka leo sina jibu bora la kukupa. Oom Faan ana picha ya vijana waliorusha ndege za namna ile, wamesimama jua likiwapiga usoni, na aliyekuwa akikaa mkiani na bunduki ni baba yake mkubwa. Ana mashavu ya mtoto. Mara nyingine nilikuwa nashona nikijiambia namshonea huyu, si ile ndege. Mara nyingine nilikuwa nashona tu. Utakapokuwa fundi wa ndege za watu utakutana na maswali kama hayo, na usijibu haraka kama mimi kwa sababu jibu linachekesha.

Kitani tulikitafuta Fordsburg, unakumbuka. Yule mwenye duka la jumla alikuwa anaapa kwa kila kitakatifu kwamba kitambaa chake ni kitani safi, nami nikachomoa uzi mmoja, nikauwasha kiberiti mbele yake. Ukajikunja ukawa kidonge cha plastiki. Akacheka, akasema, "Basi, mama, umenishinda," akaenda nyuma kuleta cha kweli, ambacho uzi wake uliungua ukawa majivu. Uliniambia njiani kwamba unajivunia. Nikajifanya natafuta nauli ya teksi. Nililisikia, Nsimire. Nimelibeba mpaka leo.

Sasa kosa lenyewe. Kitani hushonwa kwanza kama foronya ya mto, halafu fremu huingizwa ndani, halafu hupigwa mishono ya kukishika kwenye kila ubavu. Mwisho hupakwa dawa, ile yenye harufu ya rangi ya kucha iliyokuwa inakuumiza kichwa. Oom Faan aliniambia mapema, "Mama, acha kitambaa kilegee kidogo. Usikivute."

Nikamwona mjinga. Nimeshona viti, nimeshona makochi, nimeshona mahema ya harusi, na kila mtu anajua kwamba kitambaa kilicholegea ni kazi ya fundi mvivu. Huyu mzee wa vyuma ananifundisha nguo mimi? Alipokwenda kununua mbao nikamwita kijana aliyekuwa akilinda geti la ghala, tukavuta. Nilivuta mpaka vidole vikawa vyekundu. Kitani kikakaa laini, bila hata kunyanzi moja. Oom Faan aliporudi hakutambua, akasifu, nami nikavimba kichwa.

Dawa ikapakwa, ikakauka, ikapakwa tena. Siri ya dawa ile ni kwamba yenyewe ndiyo inayovuta. Inakifinya kitani kila tabaka likikauka, na kitani kilichokwisha kuvutwa hakina pa kwenda ila kuvuta kilicho ndani yake. Tulipofika asubuhi iliyofuata tuliukuta usukani umejikunja. Ukingo wake wa nyuma ulikuwa umeingia ndani kati ya ubavu na ubavu, fremu nzima imepinda kama ubao ulioachwa mvuani. Oom Faan aliuzunguka, akauzunguka tena. Akaenda kupika kahawa, akarudi bila kahawa.

Akasema, "Miaka yote hiyo ulikuwa mlango wa banda. Kuku hawakuweza kuupinda. Wewe umeweza."

Nilitaka ardhi inimeze. Wewe ulikuwa umesimama pale na mkoba wako wa shule, ukaniangalia ukisubiri niseme kitu, na nikasema kwamba labda dawa ilikuwa mbaya. Mbele yako nikaisingizia dawa. Oom Faan alijua, hakunibishia. Alichukua kisu akakata kitani chote mwenyewe, na kila ubavu ulipoachiwa ulilia kidogo. Ilimchukua yeye na wenzake karibu mwaka mzima kuinyoosha fremu ile, na mbavu nyingine walizifua upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi aliyelivunja halali usingizi.

Kisha akaja tena barazani. Nilimwuliza kwa nini asitafute mtu mwingine. Akasema mwingine atakuja na kosa lake jipya, na langu tayari analijua. Safari hiyo nilikuomba uje unisaidie, na sasa nafika kwenye sehemu yetu.

Kazi ya kushika kitani kwenye mbavu inataka watu wawili. Usukani ulisimamishwa wima, mimi upande huu, wewe upande ule, na kati yetu kitani pande zote mbili. Nilikuwa nachoma sindano ndefu, wewe unaipokea, unaizungusha ubavu, unanirudishia, nami nafunga fundo la uzi wenye nta. Hatukuonana. Niliona kivuli chako tu kwenye kitambaa, na ncha ya sindano ikitokea pale ulipoamua itokee. Sijui kama umewahi kulifikiria hili, lakini mimi na wewe hatukuwahi kuzungumza vizuri kama tulivyozungumza pale. Nyumbani kila mmoja anaangalia uso wa mwenzake na kuurekebisha wake. Pale hakukuwa na uso. Uliniambia habari za msichana aliyekuita mkwerekwere, tusi lao la kuwaita wageni, darasani. Uliniambia kwamba sauti ya papa yako umeisahau, nami nikakuelezea jinsi alivyokuwa anakohoa kabla ya kusema jambo la maana, ukacheka, ukasema hilo unalikumbuka.

Na siku moja sindano ikaenda upande wako, haikurudi.

Nikasema, "Weye, pitisha sindano. Niko nakungoja."

"Eish, Ma, subiri kwanza. Niko na kitu ya kukuambia."

"Sema huku unashona."

"Nimepata nafasi. Addis. Ile shule ya mafundi ya ndege."

Nikakuambia, "Shule ziko hapa pia."

"Hapa wote wanataka ID, Ma. Mi niko na karatasi tu. Unajua."

Nilijua. Nilijua na mengine ambayo hukuyasema: kwamba kwenda Addis kunataka pasi ya Kongo, na mkimbizi akishatoka na pasi ya Kongo karatasi yake ya hapa imekufa. Kurudi ni kuomba kama mgeni, na huenda ukakubaliwa, huenda usikubaliwe. Na mimi kwa karatasi yangu siwezi kukufuata. Hayo yote yalikuwa ndani ya ile sindano iliyobaki upande wako. Nikavuta uzi. Sikuvuta kwa nia mbaya, mkono ulivuta wenyewe, na uzi ukakatika. Ukasema, "Ma?" Nikasema nta ilikuwa kidogo.

Tuliumaliza usukani, na tuliumaliza vizuri. Nguo ililegea ilivyotakiwa, ilipwaya kama shati la mzee aliyekonda, nikaona aibu kuiangalia. Dawa ikapakwa ikaivuta yenyewe, na fremu ikabaki imenyooka. Ulipiga kofi juu yake ukaniambia inalia kama ngoma.

Lakini nyumbani nilikuwa nimeanza kukuvuta wewe. Ili upate pasi ilibidi twende wote ubalozini Pretoria, mimi nishuhudie wewe ni mtoto wa nani na sisi ni watu wa wapi. Jumatatu nilikuwa na gauni za harusi. Jumatatu nyingine mgongo uliniuma. Kisha kukawa na mgeni, kisha mvua, kisha nikasema cheti cha ubatizo cha papa yako hakionekani. Kilikuwa kwenye droo, chini ya vipande vya vitambaa, na nadhani ulijua. Hukunigombeza. Ulikuwa unaniuliza kwa upole kila wiki, "Ma, tutaenda lini?" mpaka shule ya Addis ikaandika kwamba muhula umeanza bila wewe. Siku ile ulikula kama kawaida, ukanisaidia kupiga pasi. Sikuwa nimewahi kuona mtu anavyokunjwa bila kupiga kelele, nikakuona wewe, na mwenye kuvuta ni mimi.

Sikuenda kwa mchungaji. Nilikwenda kwa Oom Faan, kwa kisingizio cha kuangalia mishono. Alikuwa anakwangua kutu kwenye kiti cha mkiani. Nikamwambia Nsimire anataka kuondoka, nami sitaki. Nilitegemea aseme maneno ya wazee. Akaendelea kukwangua, halafu akanisimulia habari za bibi yake.

Bibi yake alikuwa mama wa yule kijana wa kwenye picha. Nyumba yao haikuwapenda Waingereza, na kijana alipojiandikisha kwenda kupigana upande wao, mama yake aliacha kumsemesha. Siku ya kuondoka alikuwa jikoni anakanda unga wa mkate. Kijana akaja akasimama mlangoni na mzigo wake. Akasema, "Ma, gari limefika." Naye bila kugeuka akamjibu, "Unga hausubiri." Baba yake Oom Faan, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, ndiye aliyembebea kaka yake mzigo mpaka barabarani. Ndege ilianguka upande wa Italia, na hakuna kilichorudi.

Nilisubiri aniambie bibi alikufa kwa huzuni. Kumbe aliishi sana. Ila tangu hapo hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwake bila kusindikizwa. Wageni aliwatoa mpaka getini, akapita geti, akaenda nao mpaka barabara kuu, na wengine walichoka naye wakawa wanaaga mapema. Mwanamume aliyekuja kununua mayai alisindikizwa. Aliyekuja kusoma mita alisindikizwa, na bibi kwa miguu yake mibovu. Oom Faan alisema akiwa mtoto alikuwa anamwonea haya.

Hakuniambia nifanye nini. Aliniuliza kama nitakunywa kahawa.

Wiki ile ile tulikwenda Pretoria, pasi ikatoka, na Addis wakakupa nafasi ya muhula mwingine. Hilo ulilijua, lakini hukujua lilitokea wapi.

Basi utaniuliza, kama nililisikia lile, Jumapili nilikuwa na nini? Sasa nakuambia. Umeona kwamba mimi siwasindikizi watu. Watu wa kanisa wananisema sina adabu, maana kwetu mgeni hutolewa mpaka njiani, na mimi naagana nao nikiwa nimekaa kwenye mashine, mguu juu ya pedali. Wanadhani nimekuwa mtu wa Johannesburg. Si hivyo. Mama yangu alinisindikiza kutoka nyumbani Bukavu. Alisema atafika mwisho wa mtaa, akafika, akaendelea. Akasema atafika kwenye mteremko, akafika, akaendelea, mpaka mahali malori yalipokuwa yanajaza watu. Alinisukuma juu kwa mkono wake. Sikumwona tena, na alipokufa sikuweza kwenda kumzika. Kisha papa yako. Alikuwa mlinzi wa usiku kule Marshalltown, kifua kikaanza kumsumbua, na siku aliyozidiwa nilimshika mkono mpaka kwenye teksi. Akaniambia, "Rudia hapa, mtoto amebaki peke yake." Nikarudi. Hospitali walinipigia simu.

Kwa hiyo nikafunga fundo moyoni. Nikasema ninayemsindikiza simwoni tena. Ni ujinga, najua, na mimi ni Mkristo, sikupaswa hata kuwaza hivyo. Lakini wewe peke yako ndiwe uliyenibakia. Jumapili uliponiuliza tutatoka saa ngapi, mdomo ulikata kabla sijaufunga. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa najaribu kukulinda, kwa njia ya mwanamke aliyechanganyikiwa. Nisamehe.

Tangu hapo nimekuwa nikiweka mambo haya mawili pamoja. Bibi yake Oom Faan alibaki jikoni, na mwanawe hakurudi. Mimi nilikwenda na papa yako mpaka kwenye teksi, naye hakurudi. Miguu ya anayebaki haina nguvu yoyote juu ya safari ya anayekwenda. Imenichukua miaka kuliona jambo dogo namna hiyo, na sikulionea kanisani, nimelionea kwenye ghala la vyuma. Ukirudi au usiporudi, haitatoka kwangu. Kinachotoka kwangu ni kama utaondoka ukiwa umeona mgongo wangu au uso wangu.

Wala sitakuomba urudi. Nilikuwa nimepanga kukuomba, maneno nilikuwa nayo tayari, matamu kabisa, ungelia. Nimeyaacha. Ukipata pa kusimama huko, simama. Ukipata mtu, mpende, na mwambie mapema mambo ninayokuambia mimi kwa kuchelewa. Ukiharibu kazi ya mtu, usisingizie dawa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, watu husema hivyo, na ni kweli, lakini hawasemi kwamba mzazi naye anaweza kuugeuza kamba ya kumfungia mtoto. Mimi niliugeuza. Wewe ulivumilia, hukunichukia, na sijui ulijifunza wapi, maana si kwangu.

Sasa nimejua. Nguo yangu ya kuvaa nimeshainyoosha, ile ya bluu uliyosema inanifanya nionekane mwalimu. Nitaogopa njia nzima, na nikiwa naogopa huwa nasema ovyo, kwa hiyo kama nilikugombeza ndani ya teksi kwa jambo la kipuuzi, kama nilimtukana dereva, ndiyo sababu. Nitakuja mpaka pale wanapowazuia wazazi, na hapo nitasimama.

Kama uligeuka, uliniona. Na kama hukugeuka, mwanangu, nilikuwepo.

Mama yako